Mtoto akiuliza kwa nini jirani haamini Mungu

Mtaa mmoja wa Mbeya una Wamoravian, Wakatoliki, Walokole, Waislamu, na pengine jirani asiyesali kokote. Mtoto wa miaka sita analiona hilo. Ukimwambia "nyamaza", atauliza wenzake, na huko ataambiwa fulani ataungua moto.

Anza na anachokiona: kipindi cha dini shuleni, darasa linapogawanyika. Mjibu kwa sentensi mbili: "Sisi tunaamini hivi. Wao wanaamini vile." Usiongeze hukumu. Umri huo maelezo marefu hayakai.

Kuanzia miaka tisa hivi, mpe historia. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kabla yao Wanyakyusa walikuwa na matambiko yao kwa wazee waliotangulia. Mweleze pia kwamba Wabudha hawaabudu Mungu muumba.

Kwa asiyeamini kabisa, wazazi wengi huharibu hapa. Humwita mtu mbaya, au hata mchawi, na huku kwetu neno hilo linaweza kumwua mtu. Taja sababu zake kama yeye mwenyewe angezisema: haoni ushahidi wa kutosha, au mateso ya wasio na hatia yanamshinda. Kisha sema unachoamini wewe, na kwa nini. Usikifiche, mtoto anataka kujua umesimama wapi.

Halafu mwache aeleze imani ya jirani kwa maneno yake. Je, jirani angesikia, angekubali "ndivyo"? Kama sivyo, rudieni. Akifika sekondari, someni pamoja ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya 1977, inayolinda uhuru wa imani.