Fainali Ambayo Aduriz Hakuicheza

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Neno la wiki hii ni Kumbukumbu la Torati 34:1-9. Ni aya chache, zisomeni zote mkiwa nyumbani. Musa anapanda mlima Nebo na Bwana anamwonyesha nchi kipande kwa kipande: Gileadi mpaka Dani, Naftali yote, Yuda hadi bahari ya magharibi, bonde la Yeriko, mji wa mitende. Kisha anaambiwa, "Nimekuonyesha kwa macho yako, lakini hutavuka huko."

Leo nitawapitisha uwanjani kidogo. Wasiofuatilia mpira wanivumilie, na wanaofuatilia nao wanivumilie, maana mtu mwenyewe si Messi wala Ronaldo. Anaitwa Aritz Aduriz, mshambuliaji wa Kihispania, mzaliwa wa San Sebastián mwaka 1981. Simleti kama shujaa wa imani. Namleta kama mtu wa kazi, na kazi yake ilikuwa kufunga mabao.

Klabu iliyompa jina ni Athletic ya Bilbao, ambayo kwa zaidi ya miaka mia imejifunga kuchezesha Wabaski tu, watu wa kaskazini mwa Hispania ambako San Sebastián nayo ipo, wa kuzaliwa au wa kulelewa kisoka katika nchi yao. Ungedhani klabu ya namna hiyo, yenye kisima kidogo cha kuchota wachezaji, ingemshika kijana kama huyu kwa mikono miwili. Haikumshika. Alionja kikosi cha kwanza mwaka 2002, mwaka uliofuata akawa Burgos katika madaraja ya chini, kisha Valladolid. Wakamrudisha mwishoni mwa 2005. Mwaka 2008 wakamuuza Mallorca, na kutoka huko akaenda Valencia mwaka 2010. Alipokuja kurejea Bilbao kwa mara nyingine, mwaka 2012, alikuwa na miaka 31, umri ambao straika wengi huanza kuulizwa watafanya nini baada ya mpira.

Yaliyofuata ndiyo yanayofurahisha kusimulia. Mabao yake mengi kwa Athletic, zaidi ya 170 kwa jumla, aliyafunga baada ya umri huo. Agosti 2015, akiwa na miaka 34, aliifunga Barcelona mabao matatu katika ushindi wa 4-0 wa Kombe la Super la Hispania, na hii ni Barcelona iliyokuwa imetoka kubeba makombe matatu makubwa msimu mmoja. Waliporudiana Camp Nou, uwanja wa Barcelona, akafunga tena, na kombe likaenda Bilbao. Athletic hawakuwa wameshika kombe lolote tangu 1984. Novemba 2016 aliwafunga Genk ya Ubelgiji mabao matano peke yake katika mechi moja ya Ligi ya Europa. Timu ya taifa ilimwita kwa mara ya kwanza Oktoba 2010, ikamsahau miaka zaidi ya mitano, ikamkumbuka Machi 2016. Mwaka huohuo aliwafunga Makedonia na kuwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote kuwahi kuifungia Hispania.

Mhubiri yeyote akisikia hayo anajua pa kwenda: Yoshua 14. Kalebu ana miaka 85, anasimama mbele ya Yoshua na kusema nguvu zake bado ni zilezile za siku alipotumwa kupeleleza, basi apewe mlima. Ni somo tamu. Mimi mwenyewe nimelihubiri, na nitalihubiri tena Mungu akipenda. "Wakati wako unakuja, usikate tamaa, waliokuacha watakuita." Watu husema amina kwa sauti kubwa.

Lakini habari ya Aduriz haikuishia hapo, na ndiyo sababu nimeichagua.

Agosti 2019 alitangaza kwamba msimu huo ndio wa mwisho kwake. Mechi ya ufunguzi ilikuwa San Mamés, uwanja wa Athletic, tarehe 16, dhidi ya Barcelona. Bado sare ya bila kufungana, jioni inakwisha. Aliingia akitokea benchi dakika za mwisho kabisa. Ander Capa akapiga krosi kutoka kulia. Aduriz, miaka 38, akaruka mgongo ukiwa upande wa goli, akapiga tikitaka, mguu ukipita juu ya kichwa. Dakika ya 89. Mpira ukatua wavuni, kipa ter Stegen hakuufikia, 1-0 ikawa ndiyo matokeo. Kama ingekuwa filamu ya Kihindi, ingeishia hapo na nyimbo zikaanza.

Msimu ukaendelea. Athletic wakafika fainali ya Kombe la Mfalme, na wapinzani wakawa Real Sociedad, timu ya San Sebastián, mji aliozaliwa yeye. Mchezaji hawezi kujiandikia muago mzuri kuliko huo. Fainali ilipangwa Aprili 2020, Sevilla. Machi, korona ikafunga viwanja. Klabu zote mbili zikakubaliana kusubiri, ili mashabiki wao wapate kuingia.

Nyonga ya Aduriz haikusubiri. Tarehe 20 Mei 2020 alitangaza kutundika daluga. Madaktari walikuwa wamemwambia afanyiwe upasuaji haraka na kuwekewa nyonga ya bandia, ili aweze angalau kuishi maisha ya kawaida ya kila siku. Ligi ilirejea Juni bila yeye. Fainali ilichezwa tarehe 3 Aprili 2021, na uwanja ulikuwa mtupu vilevile, hata baada ya kusubiri kote kule. Real Sociedad walishinda 1-0 kwa bao la penalti.

Hapo Kalebu hatusaidii tena. Hapo tuko Nebo.

Tazameni aya ya 7. Musa alikuwa na miaka mia na ishirini, jicho halijapofuka, nguvu hazijapunguka. Tena yeye hakuzuiwa na mwili. Alizuiwa na neno la Bwana, kwa ajili ya yale ya maji ya Meriba katika Hesabu 20. Nisieleweke vibaya: sisemi kila anayesimamishwa njiani ametenda kosa. Nyonga iliyochakaa si dhambi ya mtu. Tuna tabia mbaya ya kumtafutia mgonjwa sababu, kama wale marafiki wa Ayubu. Ninachokitazama ni kwamba Kalebu na Musa walitoka Misri ileile, wakala mana ileile, wakamtumikia Mungu mmoja. Mmoja alipewa mlima wa kuumiliki, mwingine akapewa mlima wa kutazamia tu. Na Biblia haimpi Kalebu alama za juu kuliko Musa.

Wala Musa hakupokea jambo hili kwa tabasamu. Kumbukumbu 3:23 na kuendelea anasimulia mwenyewe alivyomsihi Bwana amruhusu avuke, aione ile nchi nzuri ng'ambo ya Yordani. Aliomba mpaka akaambiwa basi, asiliseme tena. Kwa hiyo ndugu yangu ambaye bado unalia kwa sababu ya mlango uliofungwa, huna imani ndogo. Uko katika ukoo wa Musa.

Baadhi yetu hukimbilia Mathayo 17 haraka mno: tazama, Musa alifika nchi ya ahadi hatimaye, alisimama na Yesu mlimani! Ni kweli, na ni ya ajabu. Ila ilikuwa baada ya zaidi ya miaka elfu moja, na siku ile ya Nebo haikuandikwa popote kwamba aliambiwa. Alichokuwa nacho siku ile ni vitu viwili. Kwanza, alikuwa ameshawabariki wana wa Israeli, sura nzima ya 33, baraka za nchi ambayo yeye hataikanyaga, na mikono yake alikuwa ameshaiweka juu ya Yoshua. Pili, Bwana alikuwa pale. Aya ya 6 inasema alizikwa bondeni, wala hakuna mtu ajuaye kaburi lake. Hakukuwa na kamati ya mazishi. Aliyemzika ni Bwana.

Aprili 2024 Athletic walilichukua Kombe la Mfalme kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Mallorca, baada ya miaka 40. Walipanda tishari lao, boti bapa ya mizigo, na kupita nalo mtoni Bilbao, watu wamejaa kingo zote mbili. Waliokuwa juu ya tishari ni pamoja na Iker Muniain, Óscar de Marcos na Iñaki Williams, waliofanya mazoezi na Aduriz miaka mingi. Krosi walizompigia yeye ndizo walizokulia.

Nasi tunao watu wa namna hii hapahapa. Mzee aliyeongoza kamati ya ujenzi, akazungusha kadi za michango, akasimamia msingi mpaka lenta, kiharusi kikamkuta kabla ya kupaua. Mama aliyefundisha kwaya nyimbo za mashindano, sauti ikakatika mwaka ambao kwaya ilishinda. Siku ya kuweka wakfu tunawataja kwenye risala mstari mmoja, kisha tunaendelea na chakula. Na tukienda kuwaona, tunawapelekea Yoshua 14, tunawaambia bado wana nguvu, wakati wao wenyewe wanajua hawawezi kushika kikombe cha chai.

Ijumaa kwenye maombi tutawaombea hao kwa majina. Mwenye jina alilete kwa katibu, hasa la mtu ambaye hatujamtembelea tangu aache huduma. Jumamosi asubuhi tutagawana nyumba za kwenda, na tukifika tusome Kumbukumbu 34, halafu tumwombe mwenye nyumba atubariki sisi.