Majibu yametoka, na siyo niliyoyaombea

Majibu ya patholojia, yaani vipimo vya maabara vya nyama iliyotolewa kwenye upasuaji, yametoka Ijumaa. Dripu za kemo, dawa za kuua saratani, nilizopata kabla ya upasuaji zilipunguza uvimbe lakini hazikuumaliza. Kwenye titi walilolitoa wamekuta saratani ya sentimita 2.3 bado ipo, na katika tezi 12 zilizotolewa kwapani, 3 zina ugonjwa. Nayaandika hapa yote ili nisiyarudie tena kwenye simu, maana tangu siku hiyo nimeyatamka mpaka ulimi umechoka.

Mnaonisoma tangu mwanzo mnajua yangu ni ile wanayoiita hasi tatu: haina vipokezi vya homoni vya aina zote mbili, wala haina HER2, protini inayochochea saratani kukua, ya kutosha kulengwa na dawa. Kwa hiyo vidonge vya tamoksifeni, vya kuzuia homoni, wanavyomeza wenzangu wengi kwa miaka 5 au 10 mimi havinisaidii, na sindano za trastuzumabu, zinazolenga HER2, nazo hazinihusu. Tegemeo langu kubwa lilikuwa kemo. Ndiyo maana uvimbe uliponywea mpaka ukawa haushikiki kwa vidole, nilishangilia. Na bado naona nilikuwa na haki ya kushangilia. Tumaini lile ndilo lililoninyanyua kitandani wiki za dripu nyekundu, mdomo umejaa vidonda na maji ya kunywa yana ladha ya chuma.

Namna nilivyoyapokea majibu yenyewe bado inaniuma. Nilisomewa mlango ukiwa wazi, mtu akaingia katikati ya sentensi kuulizia faili la mgonjwa mwingine, akajibiwa, akatoka, kisha tukaendelea. Mume wangu alikuwa kwenye benchi nje kwa sababu hakukuwa na kiti cha pili. Naomba hospitali zetu zielewe jambo hili: majibu ya aina hii yanahitaji mlango ufungwe, na yule uliyekuja naye aingie asikie kwa masikio yake. Mimi nilisikia neno "imebaki", na mengine yote yaliyofuata sikuyakamata. Tukapanda bajaji, mume wangu ameshika bahasha, hatukusemezana mpaka nyumbani.

Kuanzia hapo ikaja kazi ambayo hakuna mtu aliyenitahadharisha nayo, ya kuwaambia watu. Unapiga simu, unasema, upande wa pili kunakuwa kimya, halafu mtu anaanza kulia. Mimi mwenye ugonjwa ndiye naanza kubembeleza: jamani usilie, matibabu bado yapo. Nikimaliza huyo, simu nyingine inaita. Kufikia usiku nilikuwa nimewafariji watu wa ukoo mzima na mwenyewe sijapata hata dakika ya kukaa na habari yangu. Wengine nilipowaambia naogopa walinikatiza palepale. "Usikiri hivyo! Usijitabirie mabaya!" Mmoja akanielekeza kuchemsha majani ya mstafeli niachane na hospitali. Najua wananipenda. Lakini Mungu ninayemwomba ni yuleyule anayenisikia nikisema naogopa, na sidhani kama hofu yangu inamkwaza. Inayoniumiza zaidi ni faraja inayoniziba mdomo.

Mama ndiye nilimwogopa kuliko wote. Yuko Korogwe, presha inampanda. Nilimtuma kwanza mdogo wangu aende akakae naye, ndipo nikapiga. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema hapana. Akasema, "Kata simu nikupigie mimi, nimeweka vocha." Akapiga, akasema, "Haya lia mwanangu, sina haraka." Nikalia. Hakusema pole, hakusema nyamaza, hakusoma aya. Nilisikia kuku wake wakigombana uani, nikamsikia akihema, na kila nilipotulia kidogo aliitikia "eeh" kunijulisha kuwa hajakata. Sijui tulikaa hewani muda gani. Baada ya hapo nilikula ugali na dagaa, nikalala.

Kesho yake ndipo kichwa kilipopata nafasi ya kuelewa. Nilimpigia muuguzi mmoja aliyenihudumia nikiwa kwenye kemo, nikamsomea ripoti mstari kwa mstari. Akaniambia jambo ambalo huenda nililiambiwa Ijumaa nikalikosa: ugonjwa uliobaki kwenye titi na kwapani umeshatolewa na kisu. CT skani ya kifua na tumbo haikuonyesha kitu kwenye mapafu wala ini. Majibu haya yanasema hatari ya kurudi ni kubwa kuliko tulivyotarajia, na kwa hiyo matibabu yanaongezwa. Hayasemi kwamba imesambaa. Mimi usiku ule nilikuwa nimeshajizika.

Nitapigwa mionzi mara 15, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 3, kisha nitaanza vidonge vya kapesitabini, kemo ya kumeza: asubuhi na jioni baada ya kula, siku 14 mfululizo, siku 7 za kupumzika, halafu mzunguko unaanza upya. Nilimuuliza daktari kwa nini vidonge baada ya dripu zote zile. Akaniambia kuna utafiti uliofanyika Japani na Korea Kusini, ukachapishwa mwaka 2017, uliowafuatilia wanawake wapatao 900 waliokuwa kama mimi, yaani saratani imebaki baada ya kemo. Waliomeza vidonge hivi waliishi zaidi kuliko ambao hawakumeza, na faida ilionekana zaidi kwa wenye hasi tatu. Hakuniahidi kupona, na namshukuru kwa hilo. Nilichohitaji ni kujua kwamba bado kuna jambo la kufanya, na kwamba wapo wanawake walionitangulia kwenye njia hii hii.

Binti yangu yuko darasa la nne. Nilimwambia kwamba dawa ya kwanza imefanya kazi lakini haikumaliza, kwa hiyo mama atapewa nyingine. Swali lake lilikuwa moja, kama nywele zitanyonyoka tena. Vidonge hivi kwa kawaida havinyonyoi nywele. Vinachosumbua ni viganja na nyayo, ngozi inakuwa nyekundu, inauma na kuchubuka. Akasema basi yeye atakuwa ananipaka mafuta miguuni. Ndiye pia msimamizi wangu wa mazoezi ya mkono. Nasimama nimeukabili ukuta wa sebuleni, vidole vinapanda kidogo kidogo mpaka ngozi ya kwapani inavutika na kuwaka moto, naye anachora mstari wa penseli pale vilipoishia, anaandika na tarehe. Ukuta umechafuka, baba yake hajasema neno.

Usiku ndio mgumu. Saa nane nashtuka, mkono unaitafuta simu nikasome habari za hasi tatu, na kila ninachosoma saa hizo kinanikuta peke yangu. Siku hizi simu inalala chumbani kwa watoto. Swali likija naliandika kwenye daftari lililo chini ya mto, na mengine nikiyasoma asubuhi naona si ya daktari, ni ya mume wangu. Juzi nilimsomea mojawapo. Alinyamaza, kisha akasema na yeye anaogopa, tangu Januari. Tulikaa kitandani na hofu zetu zote mbili mpaka adhana ya alfajiri, na ajabu ni kwamba niliamka nikiwa mwepesi.

Jumatatu nakwenda kupimwa kwa ajili ya mionzi, wanichore alama kifuani. Mdogo wangu anapanda basi Jumapili kuja kukaa nasi, na safari hii nimemwomba yeye ndiye apokee simu za watu. Swali la kwanza kwenye daftari ni la mkono. Nimeambiwa wakati wa mionzi unatakiwa ulale umeuinua juu ya kichwa na usiutikise, na wangu bado unaishia kwenye mstari wa Alhamisi.