Ulimi wa Kukodi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ijumaa hii tuitazame hadithi ya Bi Ummu Salama (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alisema kwamba yeye ni binadamu, na watu humletea magomvi yao, huenda mmoja akawa fundi wa kutoa hoja kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa alivyosikia. Basi atakayekatiwa haki ya nduguye asiichukue, maana amekatiwa kipande cha moto.

Zama zile mdai alijisemea mwenyewe. Leo ulimi unakodiwa. Na sisi tunaokodi tuna letu la kujibu: tukitafuta wakili swali la kwanza huwa, "Ni mkali?" Kama ni mkweli, hatuulizi.

Chukua mirathi, kesi tuzijuazo sote hapa Lamu. Mzee amefariki, wazazi wake walishatangulia, madeni yamelipwa. Ameacha nyumba ya mawe Mkomani na shamba la minazi Matondoni. Ana mjane, wavulana wawili na binti mmoja. Suratun Nisaa imeshagawa: mjane thumni, yaani moja ya nane, na kilichobaki mvulana apate mara mbili ya msichana. Fanya mafungu 40: mjane 5, kila mvulana 14, binti 7. Hapo hakuna pa kuonyesha ufundi wa kusema.

Balaa huingia kabla ya hesabu, pale majina yanapoandikwa. Yuko mvulana wa tatu, wa mke aliyeachwa zamani, anakaa Faza. Wateja wanamwambia wakili, "Huyo muache, hana habari." Akiandikwa, mafungu ni yale yale 40: mjane 5, kila mvulana 10, binti 5. Thumni ya mama haiguswi. Wanaopungukiwa ni watoto, mafungu manne kwa huyu, manne kwa yule, mawili kwa dada, na hayo kumi ndiyo ya mtu wa Faza. Wakili anayeandaa hati ya kiapo bila jina lile, naye analijua, amekata moto kwa kalamu kabla hajafungua mdomo mbele ya kadhi au hakimu. Na hata kwa sheria ya Kenya hajamfaa mteja wake: hati ya usimamizi wa mirathi iliyopatikana kwa kuficha jambo la msingi yaweza kufutwa wakati wowote, hata nyumba ikiwa imeshauzwa.

Afanyeje? Awaambie wazi kwamba hati hiyo haandiki. Wakishikilia, ajitoe. Lakini asiende barazani Langoni kueleza kwa nini amejitoa. Siri ya mteja ni amana, haimaliziki kesi ikimalizika. Mji wetu mdogo, na hapa ndipo wengi huteleza, wakidhani kuitoa siri ya mwovu ni thawabu. Kunyamaza ni jambo moja, kuiambia mahakama uongo ni jambo jingine.

Je, kumtetea mshtakiwa? Wapo wanaoishika aya ya 105 ya Suratun Nisaa hiyo hiyo, "wala usiwe mtetezi wa wahaini", wakamuona wakili wa jinai ni mkosa tangu asubuhi. Mufasirina wengi wanasema ilishuka kwa kisa cha mtu aliyeiba deraya, kisha akasingiziwa Myahudi asiye na hatia. Ubaya ulikuwa kumbebesha mwingine. Kumtaka anayeshtaki alete ushahidi ni katika dini yenyewe: bayyina ni juu ya mwenye kudai. Wakili anaweza kumhoji shahidi wa polisi mpaka jasho limtoke. Asichoweza ni kumpanga shahidi wake aseme alikuwa Mpeketoni usiku ule, hali anajua hakuwako.

Fedha nazo. Fidia ya mteja hukaa katika akaunti ya wateja, mbali na ya ofisi, na wakili haikopi hata kwa siku mbili za kulipa kodi ya ofisi. "Tukishinda unanipa robo ya shamba" ni makubaliano ambayo Sheria ya Mawakili haiyatambui. Wala mtu asimwakilishe muuzaji na mnunuzi wa nyumba moja, bei ikigombaniwa atamfaa nani?

Lakini kinachowaumiza wanyonge zaidi ni uvivu, na huo hauna kelele. Dai la ardhi lina miaka 12, la mkataba 6, la kuumia ajalini 3. Rufaa ya kesi ya madai kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu siku 30. Faili ikilala kabatini ikapitwa na tarehe, haki imezikwa bila mtu kusema uongo hata neno moja. Mteja naye adai risiti na tarehe ya kesi kwa maandishi.

Mwenye mirathi wiki ijayo, aende kwa wakili na majina yote, la Faza likiwemo.