Kori nane zipo, gemu ya mtandaoni inabebwa na moja

Swali ambalo nakutana nalo kila mara kwa watu wanaocheza gemu za mtandaoni ni hili: "mbona prosesa yangu inatumika asilimia 30 tu na gemu bado inakwamakwama, si ingetumia hizo kori zingine zilizolala?" Kori ni ile sehemu ya prosesa inayofanya kazi yenyewe, na prosesa moja huwa nazo kadhaa. Na majibu yanayotolewa huwa mawili, ama gemu imeandikwa hovyo ama kompyuta ina kasoro. Mimi siyakubali yote mawili. Zipo gemu zilizoandikwa hovyo kweli, sikatai, lakini hata zile zilizotengenezwa na watu wanaoijua kazi yao zinaacha kori zimekaa, na sababu yake iko kwenye kitu kile kile kinachofanya gemu iwe ya mtandaoni, yaani wote mliomo ndani lazima mkubaliane nini kimetokea na kipi kimetangulia kipi.

Kwanza tumalizane na hiyo asilimia maana inapoteza watu wengi sana. Chukua prosesa ya kori 8 yenye thredi 16, yaani nafasi 16 za kupokea kazi kwa pamoja. Kama thredi moja ya gemu, yaani mfululizo mmoja wa kazi zake, inafanya kazi mpaka imefika mwisho wa uwezo wake, Task Manager, ile ya Windows inayoonyesha matumizi ya kompyuta, itakuonyesha asilimia 6 na kidogo, kwasababu ni 100 gawa kwa 16, basi. Kori moja imezidiwa kabisa na namba inasema kompyuta nzima imepumzika. Afu Windows haiiachi thredi ikae kwenye kori moja muda wote, inaihamishahamisha, kwahiyo hata ukifungua zile grafu ndogondogo za kila kori hutakuta moja imegonga juu, utakuta nne tano hivi zimepanda roborobo na unasema aah kumbe kazi imegawanywa vizuri. Haijagawanywa, ni thredi ile ile inazungushwa.

Njia ya kujua ukweli ni rahisi na haihitaji programu yoyote: nenda sehemu ya gemu yenye watu wengi, sio uwanja wa mazoezi uko peke yako, afu shusha resolusheni mpaka chini kabisa. Fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, zikipanda sana ujue kadi ya grafiki ndo ilikuwa imeelemewa. Zikibaki pale pale, prosesa ndo inakushikilia, na mara nyingi sana ni thredi moja ndani yake, ile wanayoiita thredi kuu.

Hiyo thredi kuu inafanya nini? Ukicheza fremu 60 kwa sekunde kila fremu ina milisekunde 16.7 tu, ukicheza 144 una chini ya 7. Ndani ya muda huo gemu inatakiwa isome ulichobonyeza, ipokee taarifa zilizotoka kwenye seva, isogeze wachezaji na risasi na magari, icheki nani kagongana na nini, iamue kipi kionekane kwenye skrini, ndo ianze kuiambia kadi ya grafiki ichore. Ona jinsi kila hatua inavyosubiri iliyotangulia, huwezi kuamua mtu anaonekana wapi kabla hujajua amesogea wapi, na huwezi kujua amesogea wapi kabla seva haijakwambia. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hapa vidole viko vinane na nafasi ya kuingia ni ya kimoja kimoja.

Nikupe mfano wa karibu kabisa, ule wa afya ya mchezaji. Mchezaji ana afya 40. Wapinzani wawili wanampiga kwenye tiki ile ile, yaani hatua moja ya gemu kuhesabu dunia yake, kila risasi inatoa 30, maana yake anatakiwa afe. Sasa tuseme tumegawa kazi, risasi ya kwanza inahesabiwa na kori moja na ya pili na kori nyingine, kwa pamoja. Kori ya kwanza inasoma 40. Kori ya pili nayo inasoma 40, kwasababu mwenzake hajaandika bado. Ya kwanza inatoa 30 na kuandika 10, ya pili inatoa 30 na kuandika 10. Mchezaji amebaki na afya 10, anatembea, na wale wawili wanaona damu imetoka na jamaa bado yuko hai. Kwa watu wanaocheza mashindano hiyo haivumiliki hata mara moja. Dawa yake ni kufunga kufuli, kori ya kwanza ikiishika hiyo namba ya pili isubiri, lakini kori inayosubiri ndo ile ile iliyolala unayoilalamikia, na kufuli zikiwa nyingi gemu inaweza kwenda taratibu kuliko ilivyokuwa kwenye thredi moja. Kwahiyo wasanidi wengi wanaamua hii sehemu ya maamuzi ibaki kwenye thredi moja, na mimi nawaelewa kabisa.

Hesabu yake aliitoa mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl tangu 1967 na bado inatubana mpaka leo. Tuseme kwenye kila fremu asilimia 40 ya kazi lazima ifanyike kwa foleni na asilimia 60 inagawanyika vizuri bila tatizo. Kori 4 zitakupa kasi mara 1.8 hivi ya kori moja, kori 8 mara 2.1, kori 16 mara 2.3, na hata ukiwa na kori milioni huwezi kuvuka mara 2.5. Angalia hapo kutoka 8 kwenda 16, umeongeza kori maradufu na umepata kitu ambacho macho yako hayatakiona.

Lakini sio kwamba hakuna kilichofanyika, na hapa ndo nataka watu wawe na haki kidogo. Prosesa za kori mbili za kompyuta za nyumbani zilianza kuuzwa 2005, kabla ya hapo kila mwaka kasi ya kori moja ilikuwa inapanda na mtengenezaji wa gemu alikuwa hana haja ya kubadili chochote, programu yake ilikuwa inakwenda kasi zaidi bila yeye kugusa kitu. World of Warcraft ilitoka 2004, kwenye dunia hiyo. Gemu kama hiyo ukitaka kuipeleka kwenye kori nyingi unafumua vitu vilivyofumwa pamoja kwa miaka mingi huku mamilioni ya watu wanaendelea kucheza kila siku, na wao walifika huko: pachi ya 8.1 ya Desemba 2018 ndo ilileta mgawanyo mzuri wa kazi za kuchora kupitia DirectX 12, ile njia ya gemu kuipa amri kadi ya grafiki. Miaka 14 baadae. Wengine wanacheka, mimi naona ni kazi ya heshima.

DirectX 12 ya 2015 na mwenzake Vulkan ya 2016 ndo zilizofungua mlango mkubwa, kwasababu kabla yake amri za kwenda kwenye kadi ya grafiki zilikuwa zinapita karibu zote kwenye thredi moja na draiva, ile programu inayoiendesha kadi, hata kama injini ya gemu ilikuwa tayari kuzigawa. Na konsoli nazo zilisukuma sana, PlayStation 4 na Xbox One za 2013 zilikuwa na kori 8 lakini kila moja dhaifu, kasi yake chini ya gigahezi 2, kwahiyo ukiandika gemu ya thredi moja humo haiendi popote. Watu walilazimika kuvunja kazi kuwa vipande vidogovidogo ambavyo kori yoyote iliyo wazi inakiokota na kukimaliza. Leo hii animesheni, chembechembe za moshi, sauti, kufungua mafaili ya ramani, kuandaa sheda (programu ndogondogo zinazoiambia kadi ya grafiki ichore vipi), vyote hivyo vinagawanywa vizuri. Ukitaka kuona kori zako zote zimepanda juu kwa wakati mmoja angalia pale gemu inapoandaa sheda kabla ya kuingia, pale hakuna anayemsubiri mwenzake.

Kinachobaki nyuma ni ile dunia yenyewe ya gemu, na kuwa mtandaoni kunaiongezea uzito. Chukua gemu za kupigana wawili zinazotumia mfumo wa kurudisha nyuma. Ukiwa na pingi ya 100, yaani taarifa inatumia milisekunde 100 kwenda na kurudi, na gemu inakwenda tiki 60 kwa sekunde, taarifa ya mpinzani inakuja ikiwa imechelewa tiki tatu, pengine zaidi. Gemu ilikuwa imeshakisia amefanya nini, ikigundua imekisia vibaya inarudi mpaka pale, inacheza upya tiki zote mpaka sasa hivi, ndani ya fremu moja. Na kila tiki inategemea iliyopita, huwezi kuzigawa kwa kori tofauti. Kwenye gemu nyingi za risasi hali sio nzito hivyo kwasababu kinachorudiwa ni miondoko yako wewe tu.

Au chukua Factorio, gemu ya kujenga viwanda, pale kila kompyuta inaendesha kiwanda kizima chenyewe na kinachopita mtandaoni ni amri za wachezaji tu. Ili hiyo ifanye kazi kompyuta zote lazima zipate jibu lile lile mpaka namba ya mwisho. Sasa kompyuta ikijumlisha namba zenye desimali, mpangilio wa kujumlisha unaweza kubadilisha tarakimu za mwishoni kabisa. Kori zikigawana kazi na kila mara zinamaliza kwa mpangilio tofauti, kompyuta yako na yangu zinaweza kuachana kwa kitu kidogo sana, na baada ya dakika chache tuko kwenye viwanda viwili tofauti.

Upande wa seva mambo ni ya ajabu zaidi na mimi hapa ndo napapenda. EVE Online, gemu ya vita vya vyombo vya angani, mfumo mmoja wa nyota unaendeshwa na kori moja, programu ya seva imeandikwa kwa lugha ya Python. Watu elfu kadhaa wakikutana sehemu moja kupigana hakuna namna ya kuwagawa, kwahiyo CCP, wenye gemu hiyo, walifanya uamuzi ambao kwangu ni mzuri kuliko kuongeza mashine: wanapunguza mwendo wa muda wenyewe, mpaka asilimia 10. Kwenye vita ya B-R5RB ya Januari 2014 watu walipigana kwa mwendo huo karibu saa 21. Kila mmoja alisubiri, lakini kila amri ilihesabiwa kwa zamu yake.

Gemu kama Valorant wao wamekwenda njia nyingine kabisa. Seva inakwenda tiki 128 kwa sekunde, yaani milisekunde 7.8 kwa kila tiki, na Riot, watengenezaji wake, walieleza kwamba lengo lilikuwa kuendesha mechi tatu au zaidi kwenye kori moja, kwahiyo kila tiki imalizike chini ya milisekunde 2.6. Hapo kori zote za seva zinatumika vizuri sana, ila hazigawani mechi moja, kila kori ina mechi zake na hazijuani. Mechi yenye watu kumi inaruhusu hivyo, dunia moja yenye maelfu hairuhusu.

Kwahiyo kwa anayenunua prosesa kwa ajili ya gemu hizi, mimi nasema ukishafika kori 6 mpaka 8 acha kuhesabu kori, angalia kasi ya kori moja na ukubwa wa kache, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Ryzen 7 5800X3D ya 2022 ni mfano mzuri kwasababu ina kori 8 sawa na 5800X ya kawaida, tena gigahezi zake ni chini kidogo, lakini kache ya L3 ni megabaiti 96 badala ya 32, na kwenye gemu nyingi zenye dunia kubwa na watu wengi inaipita. Thredi kuu muda wake mwingi inasubiri data itoke kwenye RAM, kusubiri huko ni mamia ya mizunguko ya prosesa kila mara, ukiileta data karibu umeisaidia kuliko kuipa kori zingine nane za kuangalia. Kori za ziada zina faida kama unarusha laivu au umefungua brauza yenye tabu 40 pembeni, hapo sawa, zinaiachia gemu nafasi.

Na kwa wasanidi naomba kitu kimoja tu, wekeni ndani ya gemu namba ya milisekunde za thredi kuu, za thredi ya kuchora na za kadi ya grafiki, kila moja peke yake. Unreal Engine inayo tayari kwa wanaotengeneza, ukiandika stat unit inakuonyesha zote. Mchezaji naye akiiona hiyo ataacha kununua kori ambazo gemu yake haitazigusa.