Jicho la kushoto la Tunu

Mwaka juzi mwezi wa tisa nilifanya kosa lililokaribia kumpofusha nyoka wangu, na nililifanya kwa huruma. Nalisimulia lote kwa sababu kila kiangazi kikikolea naulizwa swali lilelile: "Dada, gamba limekwama, nimbambue?"

Tunu ni nyoka wa nyumbani, wale wa kahawia wenye mistari miwili iliyofifia kila upande wa kichwa. Hana sumu, chakula chake ni panya, na usiku ndiyo mchana wake. Babu alimtoa kwenye ghala la mahindi kabla vijana hawajafika na fimbo. Babu yangu ni mmoja wa Bayeye, wale wacheza ngoma na nyoka wa Unyamwezi na Usukuma, ambao pia hutibu walioumwa. Macho yake sasa yamefifia, lakini mkono wake juu ya nyoka haujasahau kitu. Mimi nilifuata kibali kwa maofisa wa wanyamapori kwanza, maana Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haisemi kwamba ukimpenda mnyama wa porini basi ni wako. Ndipo nikamweka Tunu kwenye kasha la mbao lenye kioo mbele, hapa nyumbani Isevya, mjini Tabora.

Nyoka anapokaribia kuvua gamba hubadilika rangi. Anapauka, tumbo linakuwa kama limepakwa maziwa, na macho yanageuka ya kibuluu, yenye ukungu. Ule ukungu ni majimaji yanayoingia kati ya ngozi ya zamani na mpya ili ziachane. Siku hizo haoni vizuri, hataki chakula, na hata mpole anaweza kukurukia. Muache. Baada ya siku kadhaa macho yanang'aa tena, na asiyejua hudhani kazi imekwisha. Bado. Siku chache baada ya hapo ndipo anaanza kusugua pua kwenye mti au jiwe, gamba linafunguka mdomoni, naye anatoka ndani yake huku likigeuka nje-ndani kama soksi. Likitoka zima, lina kila kitu: mdomo, ncha ya mkia, na vile vigamba viwili vya macho. Nyoka hana kope, jicho lake limefunikwa na kigamba kimoja angavu, nacho huvuliwa pamoja na mengine.

Asubuhi ile nilikuta vipande. Kimoja kwenye jiwe, kingine kwenye bakuli la maji, na Tunu mwenyewe amefungwa mikanda mikavu mgongoni kama mhindi ulioanza kumenywa ukaachwa. Roho iliniuma. Nikamshika, nikaanza kubambua kwa kucha. Sehemu nyingine zilitoka vizuri, na hilo ndilo lililonidanganya. Nilipofika kichwani nikaona jicho la kulia ni safi lakini la kushoto lina utando mkavu wenye kunyanzi pembeni. Nikachukua kibanio cha nyusi.

Nilivuta mara moja. Tunu alijikunja wote kwa ghafla, akajificha kichwa chini ya mwili wake, na mimi nikakaa sakafuni nikitetemeka. Chini ya kigamba cha zamani kuna kipya, laini, na chini ya hicho ni jicho lenyewe. Ukivuta kabla vimeachana, waweza kung'oa vyote viwili, na jicho lililo wazi hukauka na kuoza. Sikung'oa. Sidai kwamba nilikuwa na ujuzi wowote, ni kwamba utando ule uliteleza kwenye kibanio.

Nikampigia daktari wa mifugo, mtu ambaye siku zake zote ni ng'ombe na kuku. Aliniambia ukweli kwamba yeye hajazoea nyoka, lakini akaja na kioo chake cha kukuzia, akaangalia jicho kwa utulivu, akasema hakuna kidonda, hakuna uvimbe. "Usiguse tena," akasema. Kisha akauliza jambo nililokuwa silifikirii: "Hiyo taa ya nini?"

Taa! Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Tabora ni baridi kweli, mtu unalala na blanketi mbili, na nilikuwa nimeweka balbu ya wati 40 juu ya kasha, nje ya wavu. Joto liliporudi sikuizima. Mvua zetu huisha kwenye mwezi wa nne au wa tano, na mpaka Novemba ni vumbi, upepo, na midomo kupasuka. Ongeza balbu juu ya kasha dogo. Nilipoweka kipima unyevu kikasoma asilimia 22. Nyoka wa aina yake porini, hata kiangazi, siku nzima yuko chini ya gogo au ndani ya kichuguu ambako kuna ubichi. Mimi nilimpa kikaango, kisha nikamshangaa kwa kukauka.

Niliposoma na kuuliza zaidi nikajua ukavu si sababu pekee. Utitiri, njaa, ugonjwa, kovu la zamani, vyote hukwamisha gamba, na kasha lisilo na kitu cha kukwaruza humnyima nyoka pa kuanzia. Lakini kwetu huku bara, mwezi wa tisa, anza na hewa.

Babu alikuja jioni. Hakunigombeza. Alimpitisha Tunu mikononi taratibu kutoka kichwa hadi mkia, akasimama kwenye ncha.

"Mjukuu wangu, hapa kuna pete."

Sikuwa nimeiona. Mkanda mwembamba wa gamba kuukuu umezunguka ncha ya mkia, na nyama mbele yake imeanza kuwa nyeusi. Pete kama hiyo hukaza kadiri inavyokauka mpaka damu isipite. Kila aliye na nyoka aangalie mkia kabla ya kuangalia kitu kingine, nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu Tunu alipoteza karibu nusu sentimita ya mkia wake wakati nahangaika na mgongo.

Tulimweka kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, na maji ya vuguvugu yasiyofika nusu ya unene wa mwili wake. Yale unayoyapima kwa kifundo cha mkono kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nusu saa, nami sikuondoka pale. Halafu Babu akashika kitambaa kibichi kwa mikono miwili bila kukaza, akamwacha Tunu apite mwenyewe katikati. Mara ya tatu mikanda yote ilibaki kwenye kitambaa, na pete pia. Jicho tuliliacha.

Kesho yake Babu alileta mtungi wa maji wa marehemu Bibi, uliovunjika shingo. "Chungu kinapumua," akasema. Tuliufudikiza kwenye kona ya kasha, ile sehemu iliyovunjika ikawa mlango, ndani nikaweka kipande cha gunia la katani kilicholoweshwa kikakamuliwa. Kila jioni naumwagia mtungi kikombe cha maji, udongo unayanywa na kuyatoa polepole usiku kucha. Kona nyingine yote kavu, maana nyoka anayelala kwenye majimaji siku zote hutoka malengelenge tumboni. Nimejaribu na bakuli la plastiki lenye kitambaa, linafanya kazi, lakini saa sita mchana kitambaa kimeshakauka. Mtungi haujawahi kuniangusha. Balbu niliitoa.

Wiki tano nililitazama jicho lile kila siku bila kuligusa. Kisha Tunu akapauka, akaingia mtungini, akakaa humo siku tisa. Kipima unyevu nilichokisogeza mlangoni mwa mtungi kilionyesha asilimia 70.

Gamba nililikuta asubuhi likiwa limetoka zima kupitia ule mlango, bado bichi. Nikalitandaza mezani: sentimita 84, ingawa Tunu hafiki 75, kwa sababu mikunjo kati ya magamba hunyooka yote. Nilitaka kuangalia kichwa, nikaogopa, nikampa Babu. Akapitisha kidole gumba juu ya pua, akaenda kulia, akarudi kushoto, akakaa pale muda mrefu.

"Huku vimetoka viwili, kimoja juu ya kingine," akasema, akaniomba chai.