Kisigino kwenye Majivu

Tulitoka Karatu alfajiri, mimi na mama, kwa Land Cruiser ya kukodi. Juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro ukungu ulikuwa mzito, dereva akaenda mwendo wa kinyonga huku taa zinawaka. Tulipoteremka upande wa pili jua lilishatoka, na mama akaivua kanga aliyojitanda mabegani.

Tulikuwa tunaenda korongo la Oldupai. Oldupai ni jina la Kimaasai la mkonge pori uliojaa pale. Wageni walilisikia vibaya, likaingia vitabuni kama Olduvai. Ukisimama kwenye makumbusho unaliona korongo: chini kabisa mawe meusi ya volkano, juu yake tabaka za majivu na udongo wa ziwa lililokauka zamani, kisha udongo mwekundu. Humo ndimo mtafiti Mary Leakey alimopata Zinjanthropus mwaka 1959, fuvu la zamadamu, jamaa wa kale wa binadamu, la miaka milioni 1.75. Wengi hulifuata hilo. Mimi nilifuata nyayo.

Nyayo zenyewe ziko Laetoli, kama kilomita 45 kusini, na zimefukiwa zisiharibike. Hapa kuna nakala. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ilimwaga majivu, mvua ndogo ikayalowesha yakawa kama saruji mbichi, zamadamu wakapita, yakakauka, majivu mengine yakafunika. Kule hata alama za matone ya mvua zilibaki.

Mama amelima mpunga tangu usichana wake. Aliinama, akafuatisha unyayo mmoja kwa kidole bila kuugusa.

"Kisigino kimeingia kwanza, halafu kasukuma kwa dole gumba. Huyu anatembea kama mimi."

"Ndivyo, mama," alisema kijana wa Kimaasai aliyetutembeza. "Na hapa walipita wawili. Wa nyuma amekanyaga mlemle alimokanyaga mwenziwe."

"Anakwepa utelezi. Hata sisi jarubani tunafanya hivyo."

Nilisimama pale muda mrefu. Shuleni nilikariri zama kwa zana: mawe ya kale, ya kati, ya mwisho, kisha chuma. Zama ya miguu sikufundishwa. Lakini zana za mawe za kale zaidi zinazojulikana, zile za Lomekwi karibu na Ziwa Turkana, zina miaka milioni 3.3. Hawa wa Laetoli walishasimama wima, mikono mitupu, zaidi ya miaka laki tatu kabla yake. Kwangu mimi, hapa ndipo safari yetu ilipopinda, wala si kwenye jiwe wala kwenye chuma, na inanisikitisha kwamba mtoto wa Tanzania anaweza kumaliza shule bila kuuona unyayo huu.

Mama alikuwa bado ameinama.

"Walikuwa wanaelekea wapi?"

"Kaskazini, mama. Huku huku tulipo."