Nilivyokitoa kikombe cha beringi kilichokwama kwenye nyumba ya gia boksi

Kikombe chenyewe, yaani ringi ya nje, kilikuwa cha beringi ya mshazari (rola zake zimelala kwa mteremko) namba 30208: kipenyo cha nje milimita 80, upana milimita 16. Nyumba yake ni ya chuma cha kusubu, tundu limezibwa upande wa nyuma, na bega lake pana, yaani ngazi ya ndani ambayo kikombe hukalia, limefunika ukingo wote wa nyuma wa kikombe. Kwa hiyo panchi haina pa kuingilia, na kucha za pula hazina pa kushika.

Kabla ya kukubali kwamba hapana njia, nilisugua bega lote kwa brashi ya waya. Nyumba nyingi zina mapengo mawili au matundu yenye nyuzi ya kusukumia kikombe, na grisi iliyokauka pamoja na rangi huyaficha kabisa. Yangu haikuwa nayo. Kisha nikapima kwa venia kina kutoka uso wa nyumba hadi ukingo wa kikombe, sehemu nne, nikaandika. Vipimo hivyo vitahitajika wakati wa kufunga kikombe kipya, na ukishakitoa cha zamani huwezi tena kuvipata.

Wengi hukimbilia kupasha nyumba moto. Kwa aluminiamu inasaidia sana, kwa sababu inatanuka karibu mara mbili ya chuma: kwenye kipenyo cha milimita 80, ukiongeza nyuzi 100 za joto, aluminiamu hupanuka takriban milimita 0.18 na chuma 0.1. Tofauti hiyo inazidi mbano wa kawaida wa kikombe, yaani kiasi ambacho kikombe ni kikubwa kuliko tundu lake, ambao ni sehemu chache tu za mia ya milimita. Lakini chuma cha kusubu na chuma cha beringi hutanuka karibu sawa, hivyo ukivipasha vyote pamoja hupati kitu. Hapo lazima kikombe chenyewe kipungue.

Nilichotumia ni mashine ya kuchomelea. Mstari wa weldi ukizunguka njia ya rola, yaani uso wa ndani wa kikombe ambapo rola hupita, kikombe kinapata moto na kutaka kutanuka, ila nyumba inakizuia, kwa hiyo chuma kinajibana chenyewe. Kikipoa kinasinyaa kuliko kilivyokuwa mwanzo, na weldi nayo inakivuta ndani.

Nilifuta mafuta yote kwa kitambaa na mafuta ya taa, nikaacha pakauke kabisa. Usitumie kisafisha breki chenye klorini, maana mabaki yake yakikutana na joto la kuchomelea hutoa fosjini, gesi ya sumu. Beringi na sili zilizobaki nilizitoa. Isiyotoka ifunike kwa kitambaa kilicholowa. Klempu ya waya wa kurudishia umeme niliibana kwenye nyumba, karibu kabisa na kikombe. Ukiibana kwenye shafti, umeme utapita katikati ya rola za beringi nyingine na kuziachia vidonda. Kama mtambo wenye gia boksi hiyo una betri au vifaa vya elektroniki, vitenganishe kwanza.

Elektrodi ilikuwa E6013 ya milimita 2.5, umeme ampea 80 hivi. Nilipiga mstari mmoja mfululizo katikati ya njia ya rola, mzunguko mzima. Ukingo unaotazama nje ndio mwembamba zaidi kwenye kikombe cha mshazari. Ukiusogelea, weldi itaruka na kushika nyumba, na hapo umekichomelea kikombe badala ya kukitoa. Usijali weldi ikipasuka kidogo: chuma cha beringi kina kaboni karibu asilimia 1 na hakipendi kuchomelewa, lakini hiki kinaenda kutupwa.

Baada ya hapo, subiri. Usimwagie maji, chuma cha kusubu kikipozwa ghafla hupasuka, na nyumba ni ghali kuliko beringi. Nyumba ikiwa imegeuzwa mdomo chini, kikombe mara nyingi huanguka chenyewe au kwa kugonga nyumba kidogo kwa nyundo ya plastiki. Kikigoma, chomelea ndani yake kipande cha bapa cha milimita 6 kinachovuka kipenyo, chenye tundu la katikati na nati ya M12 iliyochomelewa chini yake, kisha uvute kwa boliti na daraja la chuma lililokaa juu ya uso wa nyumba.

Kwenye nyumba ya aluminiamu, hata kama kupasha moto hakukutosha, sithubutu kuchomelea. Cheche zinaharibu tundu. Hapo nakata kikombe kwa grenda ndogo, mikato miwili inayotazamana, kila mmoja robo tatu ya unene. Ukingo wa nje ukiwa mwembamba, diski itautoboa kabla hujafika kati, hivyo inamishe ifuate mshazari. Halafu tindo kwenye mkato, pigo moja kali: chuma hiki ni kigumu na kinavunjika badala ya kupinda. Vipande vinaruka, kwa hiyo miwani ni lazima.

Chini ya kikombe changu kulikuwa na shimu mbili, yaani pete nyembamba za chuma za kujazia nafasi. Nilizifuta na kuzipima kwa maikrometa, nikazirudisha kwa mpangilio uleule, kwa kuwa ndizo zinazopanga mkao wa beringi na gia. Tundu nililipitishia msasa namba 400 wenye mafuta, kuondoa vinundu tu. Usisugue hadi ling'ae. Ukilipanua, kikombe kipya kitazunguka ndani yake.

Kikombe kipya kilae ndani ya friza usiku kucha. Kutoka nyuzi 25 hadi chini ya sifuri 18, kinapungua takriban milimita 0.04. Futa unyevu, paka mafuta mepesi, kiingize upesi upande mnene ukitangulia. Kile cha zamani, kikisagwa kwa nje hadi kipite kwa ulegevu tundu zima, kinafaa kugongea. Sauti ya nyundo hubadilika kuwa kali mara kinapofika begani. Kikishapata joto la kawaida, pima tena kina sehemu zile nne: pakizidiana zaidi ya milimita 0.05 kuliko mwanzo, kimekaa upande, au kuna uchafu chini yake.